Habari ya Mbuzi wa Charo

Kila Alhamisi, masomo yalipokwisha, wanafunzi wa Chama cha Uandishi wa Habari huko Marafa walikusanyika kuandaa gazeti la ukutani. Shule haikuwa na kompyuta wala vitabu vya fani hiyo. Ilikuwapo simu moja tu, ya Mwalimu Sanga, yenye programu ya akili unde iliyowasahihishia wanafunzi maandishi yao. Kanuni ilijulikana: nenda, tazama, uliza, uandike, ndipo simu ishikwe.

Juma hilo Kadii alipewa habari ya mbuzi wa Charo, mfugaji mmoja wa Marafa, waliokufa ghafla. Jua lilikuwa kali, na kwa Charo ni mbali.

"Hujaenda tu?" akauliza Emily, mwenzake.

"Nikafanye nini? Mbuzi wamekwisha kufa, watanijibu?" Kadii akacheka.

Akaiuliza simu: mbuzi wamekufa, jirani wa Charo ni Mzee Garama, watu wanasemaje? Simu, isiyopata kuiona Marafa, ikajibu kwa Kiswahili fasaha kwamba wakazi wanamshuku mzee huyo kwa uchawi. Kadii akanakili neno kwa neno, akabandika ukutani bila kumwonyesha Mwalimu.

Kesho yake vijana wenye mawe walisimama mlangoni pa Mzee Garama. Charo mwenyewe alikuja mbio kuwazuia.

"Mbuzi wangu walikula majani ya muhogo mchungu! Nani kawaambia uchawi?"

"Gazeti la shule," wakajibu.

Mwalimu Sanga aliibandua karatasi ile kwa hasira, akampeleka Kadii kwa mzee. Walimkuta akijipaka piko nyeusi kichwani.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Naficha mvi. Hapa kwetu mvi zimewaua wazee, wakiitwa wachawi."

Kadii akaangua kilio.

"Futa machozi!" Mwalimu akafoka. "Machozi hayazimi uvumi. Ulimwuliza nani?"

"Simu, Mwalimu."

"Nayo simu ilimwona nani?"

"Hapana mtu."

"Basi mawe yale uliwaokotea wewe!"

Siku ya baraza la chifu, Kadii alisimama mbele ya umati, vijana wale wakiwamo. "Niliyoandika ni uongo," alisema. "Sikwenda, sikuuliza. Mzee Garama hana kosa. Nisameheni." Chifu akawaamuru vijana nao waombe radhi, mmoja baada ya mwingine.

Ndipo Mwalimu Sanga akawageukia wanafunzi wake, uso ungali umekunjamana. "Simu tutaitumia, maana hatuna kingine. Itawanyoshea sentensi. Lakini haina miguu ya kwenda kwa Charo. Miguu mnayo ninyi! Anayeandika jina la mtu ameushika uhai wake mkononi. Mvivu asiiguse kalamu hiyo."

Mzee Garama, aliyekuwapo barazani, akamsogelea Kadii.

"Alhamisi njoo uniulize mwenyewe," alisema. "Sitajipaka piko."