Vidonge Vilivyobaki

Jumanne, tarehe tisa Juni. Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu na ubaridi kidogo. Ndugu zangu, nilikuwa barazani kwa dada yangu, mshonaji wa sare za shule, nikinywa chai. Cherehani ililia taratibu, shemeji alipiga pasi, nyumba ilikuwa na amani.

Mara dada akasimamisha cherehani na kushika taya. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba.

"Mke wangu umenona," shemeji akamtania. "Sasa watu watajua nakulisha."

"Cheka tu. Jino hili likikuhamia wewe utaniita mama."

Siku hiyo hiyo alikwenda zahanati. Tabibu wa meno akampa vidonge vya siku saba, akamwambia avimalize, kisha arudi jino ling'olewe, maana lilikuwa limeoza hadi mzizini. Siku ya tatu uvimbe ukanywea.

"Si umepona? Dawa za nini tena?" shemeji akasema. "Weka akiba."

Dada akavifunga vidonge vilivyobaki kwenye karatasi, akaviweka juu ya kabati. "Na kurudi kung'oa?" nikamuuliza.

"Nikimaliza hizi sare, kaka."

Nilimsikia, nikaaga nikaenda zangu. Mungu anisamehe.

Wiki mbili baadaye uvimbe ulirudi, safari hii chini ya kidevu, mgumu kama ubao. Akameza vile vya akiba, viwili viwili, vikaisha. Shemeji akamkanda kwa maji ya moto. Mimi nikafunga na kuomba. Jamani, kuomba si kosa. Kosa ni kuomba huku mgonjwa mmemkalisha nyumbani, nasi tulimkalisha siku tatu. Asubuhi ya nne ulimi ulikuwa umenyanyuka kinywani, mate hayamezeki, na kila tukimlaza anakosa pumzi.

Tukamkimbiza hospitali. Daktari alimtazama mara moja tu akaita wenzake. Walimtoboa koo wakaweka mpira wa kupumulia, wakapasua chini ya taya kutoa usaha, wakang'oa jino, wakamtundikia dawa za mshipani.

"Mmechelewa," daktari akatuambia. "Usaha umeshuka kifuani."

"Lakini si ni jino tu, daktari?" shemeji akauliza.

"Lilikuwa jino."

Kwa ule mpira wa kooni dada hakuweza kusema. Aliomba kalamu, akaandika: *Sare ziko kwenye mfuko wa bluu. Mbili hazina mikono.* Niliombea kila herufi ya karatasi ile. Siku ya sita hospitalini alifariki.

FUNZO

Ndugu zangu, uvimbe ukinywea, jino bovu bado limo. Maliza dawa, rudi ukatibiwe jino lenyewe. Ukivimba chini ya kidevu, ukashindwa kumeza au kufungua kinywa, usingoje kesho, nenda hospitali. Mungu husikia maombi ya mtu aliye njiani kwenda kwa daktari.

Siku ya mazishi shemeji alisimama mbele ya waombolezaji, watoto wake watatu wakiwa pembeni yake.

"Mimi ndiye niliyemwambia aache dawa," alisema. "Mtu asinitetee. Mbele yenu nyote naahidi: mmoja wa hawa akisema jino linamuuma, siku hiyo hiyo naacha kazi nampeleka. Na akiambiwa arudi, nitamrudisha mwenyewe, hata kwa kumbeba."