Mgongo kwa Mgongo

Asubuhi hiyo, kama kila asubuhi, Tanga Mpya ilivuta pumzi kwa pamoja. Sokoni, vifua vya wauza samaki na wateja wao vilipanda na kushuka kwa mpigo mmoja, na kwenye kila kifua kiongozapumzi kiliwaka taa ya kijani. Kidude hicho, kidogo kama kifungo cha shati, kilipokea ishara kutoka mnara wa mji, kikausukuma msuli ulio chini ya mapafu, mtu akapumua kwa pua, taratibu, mpaka tumboni. Presha zilishuka, pumu ikasahaulika. Watoto tu hawakuruhusiwa kukivaa. Mhandisi Zuena aliyekibuni, na mafundi wake, nao hawakukivaa. Walisema watavaa kazi ikipungua.

Mwanzoni kiligusa tu kifua kumkumbusha mtu. Nani alijali? Hata Bi Mwanaidi, mama mzazi wa Zuena, akishika mwiko tu alirudi kuhema juu juu kama zamani. Zuena subira ikamwishia. Akakiachia kidude kazi yote, watu wasihangaike kujifunza.

Sasa alikuwa jikoni kwa mama yake, anakuna nazi, taa ya kifuani mwa mama ilipozimika.

Mwiko ukamponyoka Bi Mwanaidi. Kifua chake hakikupanda.

"Mama, vuta pumzi."

Mama alimtazama, macho yamemtoka. Alitaka kutii, lakini mwili ulishasahau kupumua wenyewe, hakujua aanzie wapi.

Simu ya sikioni ikaita. Alikuwa Shehoza, fundi wa zamu. "Mhandisi, mnara umezimika. Watu wanaanguka huku. Tuwafanyeje?"

Zuena aliiacha simu hewani. Alimketisha mama sakafuni, akamhesabia, akampulizia mdomoni. Hewa iliingia, ikatoka, basi. Midomo ya mama ikaanza kubadilika rangi. Zuena aliogopa, akaogopa hasa, woga wa mtoto mdogo, na woga huohuo ukamkumbusha. Enzi zile pumu ikimbana, mama hakumwambia neno. Aliketi nyuma yake, mgongo kwa mgongo, akipumua kwa nguvu mpaka mgongo wa mtoto ukafuata.

Akageuka, akauegemea mgongo wa mama, akavuta pumzi ndefu, akaitoa. Akavuta tena. Na tena. Kisha mgongo ule ukasogea kidogo, ukafuata.

"Shehoza," alisema huku akihema, "kaeni nao mgongo kwa mgongo, mpumue kwa nguvu. Waiteni watoto, kila mmoja ashike mtu wake."

Jua lilikuwa limeshapanda juu, mnara ulipowashwa. Taa ya kijani ikarudi. Bi Mwanaidi akakishika kidude, akakibandua, akakitupa ndani ya kifuu cha nazi.

"Mama, kivae. Bado hujaweza."

"Wewe nilikufundisha," mama alisema, na kila neno lilimgharimu pumzi. "Nifundishe."

"Ukilala utasahau."

"Nitasahau. Ndiyo maana huondoki."

Simu ikaita tena. Shehoza aliuliza kama awaambie watu wakivue. Zuena akafikiria mji mzima ukipanda kitandani jioni hiyo bila kidude, na watoto wachache tu wa kukaa nao mgongo kwa mgongo. Alitaka kusema wavue. Alitaka kusema wasivue.

"Mhandisi? Upo?"

"Nipo," alisema, akauegemea tena mgongo wa mama. Akavuta pumzi, akasubiri ya mama.