Kuku Huyu Anakwenda Wapi?

"Kuku huyu anakwenda wapi?"

Nakiete aliuliza hivyo. Hakuna aliyemjibu.

Nakiete alikuwa na miaka saba. Alisoma darasa la pili, kwenye shule ya juu mlimani, huko Upare. Asubuhi ukungu uliingia hadi darasani. Ukakaa kwenye madawati kama mwanafunzi.

Siku hiyo lilikuja boksi. Boksi kubwa! Ndani yake mlikuwa na vitabu vya hadithi. Vipya! Vinang'aa! Kila kimoja ndani ya nailoni yake.

Cha juu kabisa kilikuwa na picha ya kuku. Kuku mwekundu. Amepanda baiskeli! Shingo ameinyoosha mbele. Macho yamemtoka. Alikuwa na haraka sana, kuku yule.

"Mwalimu, kuku huyu anakwenda wapi?"

Mwalimu Mkuu hakusikia swali. Aliona kidole tu. Kidole cha Nakiete, kinasogea, kinasogea...

"Mikono! Mikono! Msishike!"

Mwalimu Mkuu akavipanga vitabu kabatini. Kabati lilikuwa na mlango wa kioo. Akaufunga. Kli-klak! Ufunguo akautia kamba, akauvaa shingoni.

"Watoto wana mikono michafu," alisema. "Vitabu vikae humu. Vionekane."

Vikae, vionekane! Sasa wewe niambie. Kitabu ni maua ya plastiki?

Kila siku Nakiete alipita mbele ya kioo. Kila siku kuku alikuwa palepale, juu ya baiskeli yake. Anakimbia, lakini hafiki.

Na kila siku Mwalimu Mkuu alipita. Ufunguo ukalia kifuani pake. Kli, kli, kli.

"Mikono! Mikono! Msishike!"

Jumatatu, Mwalimu Mkuu alisimama mbele ya darasa la pili.

"Ijumaa tuna wageni," alisema. "Ndio waliotuletea boksi. Mmoja wenu atapendekeza kitabu mbele yao."

"Kupendekeza ndio nini, Mwalimu?" aliuliza Kadeghe. Kadeghe alikaa dawati moja na Nakiete. Hakuweza kukaa kimya hata kidogo.

"Ni kumwambia mwenzako: kitabu hiki kizuri, kisome."

Mwalimu Mkuu akatazama huku. Akatazama kule. "Nakiete! Sauti yako inafika bonde la pili. Utasema wewe."

Moyo wa Nakiete ukaruka. Pu! Atakishika kitabu! Atamjua kuku! Atajua anakwenda wapi!

Walianza mazoezi. Mwalimu Mkuu akampa Nakiete kitu mkononi.

Hakikuwa kitabu. Kilikuwa dasta la kufutia ubao!

"Fanya hili ndilo kitabu," alisema Mwalimu Mkuu. "Linyanyue juu. Sema hivi: Wageni wetu, napendekeza kitabu hiki. Kinafurahisha. Kinafundisha. Kisomeni."

Nakiete akalinyanyua dasta. Vumbi la chaki likamwingia puani. "Wageni wetu, napende... napende... chya!"

Darasa zima likacheka.

"Mwalimu," alisema Nakiete, "naomba nikisome kwanza."

"Cha nini? Maneno si nimekupa?"

"Lakini kuku anakwenda..."

"Nakiete." Mwalimu Mkuu aliinama. Ufunguo ukaning'inia mbele ya pua ya Nakiete. Kli, kli. "Ukiharibu siku ya Ijumaa, wageni watakasirika. Hatutaletewa boksi jingine. Shule nzima itakosa. Umesikia?"

"Nimesikia, Mwalimu."

Jumanne, dasta. Jumatano, dasta. Alhamisi, dasta tena.

"Mama Dasta!" alimtania Kadeghe. "Dasta lako linasema nini leo? Limefurahisha? Limefundisha?"

"Nyamaza wewe!"

Lakini Nakiete hakuwa na hasira na Kadeghe. Alikuwa na hasira na kabati.

Alhamisi jioni, Shangazi alikuja nyumbani. Nakiete akamchotea uji. Akaubeba kwa mikono miwili, polepole, usimwagike.

"Shikamoo, Shangazi. Karibu uji. Ni mtamu."

"Marahaba, mwanangu." Shangazi akatazama kikombe. Hakukipokea. "Umeonja?"

"Bado."

"Bado! Umejuaje ni mtamu? Umeota?"

Mdogo wake Nakiete, Mrindoko, alikuwa na miaka minne. Akacheka hadi akakaa chini.

"Kwetu anayekaribisha huonja kwanza," alisema Shangazi. "Ndipo mgeni anywe. Haya, onja."

Nakiete akaonja. Uso ukamkunjamana. Lo! Alitia chumvi! Alidhani ni sukari!

"Umeona?" Shangazi alisema. "Ningeumeza wote kwa kukuamini wewe."

Mrindoko akacheka tena. Shangazi naye akacheka. Nakiete hakucheka.

Alikuwa anawaza kuhusu kesho. Kinafurahisha. Kinafundisha. Kisomeni.

 Kitabu kile hajakionja!

Ijumaa ikafika. Wageni wakafika. Walikaa mbele, kwenye viti vilivyotandikwa vitambaa. Katikati alikaa mama mmoja mwenye kilemba cha njano.

Wanafunzi wote wa shule walisimama kimya. Ukungu nao ukasimama mlangoni.

Mwalimu Mkuu akavua ufunguo. Kli-klak! Akauvaa tena, akatoa kitabu cha kuku. Akampa Nakiete.

Nakiete alikuwa amenawa mikono mara tatu. Akakishika kwa yote miwili. Nailoni ikalia. Kwaru, kwaru, kwaru.

Kuku akamtazama kwa jicho moja.

"Wageni wetu," alianza Nakiete. Sauti ilifika bonde la pili.

"Napendekeza..." Sauti ilifika mlangoni tu.

"Kitabu..." Sauti haikufika popote.



"Kitabu hiki!" alinong'ona Mwalimu Mkuu. "Kinafurahisha!"

"Sema, Mama Dasta, sema!" alinong'ona Kadeghe.

Nakiete akafikiri kuhusu boksi jingine. Akafikiri kuhusu shule nzima. Akafikiri kuhusu uji wa chumvi.  

"Siwezi," alisema.

Mwalimu Mkuu akashika kichwa.

"Siwezi, kwa sababu sijakisoma," alisema Nakiete. Machozi yalikuwa karibu. Lakini aliendelea. "Kwetu anayekaribisha huonja kwanza. Mimi sijaonja. Sijui kama kinafurahisha. Sijui hata kuku huyu anakwenda wapi!"

 Wageni wakatazamana.

Mama mwenye kilemba cha njano akageuka. "Basi atuambie aliyekisoma," alisema. "Nani amekisoma?"

Alitazama darasa la pili. Hakuna mkono ulionyooshwa. Alitazama darasa la saba. Hakuna mkono.

Akamtazama Mwalimu Mkuu.

Mwalimu Mkuu akatazama nailoni. Akatazama ufunguo. 

"Hata mimi," alisema taratibu. "Hata mimi sijui anakwenda wapi."

Kisha akasema jambo ambalo watoto hawakuwahi kulisikia.

"Nilipokuwa mdogo kama ninyi, darasa letu lilikuwa na kitabu kimoja tu. Kilichanika. Hatukupata kingine, hadi nikamaliza shule. Niliogopa, watoto wangu. Niliogopa hivi navyo visije vikachanika."

Nakiete akamtazama. Hakujua kwamba walimu wakuu nao huogopa.

Mwalimu Mkuu akashika nailoni kwa vidole viwili. Akavuta. Chwaaa!

"Soma, Nakiete."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Na wageni?"

"Wageni watasubiri. Na chai itasubiri."

Nakiete akafungua kitabu. Kilinukia upya. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Ku-ku a-li-ta-ga ya-i m-li-ma-ni."

Akavuta pumzi. Akasoma tena.

"Yai likateremka. Biringi, biringi, biringi!"

Watoto wakasogea. Darasa la kwanza likasogea. Darasa la saba likasogea, likajifanya halisogei.

"Kuku akapanda baiskeli. Kri-kri-kri! Langu! Langu! Yai langu!"

"Analifuata yai!" alipiga kelele Kadeghe. "Nionyeshe! Nionyeshe picha!" Akanyoosha mkono. Akavuta ukurasa.

Chwiii!

Ukurasa ulichanika.

 Mwalimu Mkuu akafumba macho. Mkono wake ukaufuata ufunguo. Ukaushika. Kli.

"Samahani, Mwalimu," alisema Kadeghe. Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya sisimizi. "Ni mikono yangu."

Nakiete akakikumbatia kitabu. Kabati lilikuwa nyuma yake, wazi. Likisubiri.

Mwalimu Mkuu akafumbua macho. Akautazama ukurasa. Akamtazama Kadeghe.

"Kadeghe."

"Naam, Mwalimu."

"Kimbia jikoni. Omba tonge la ugali."

"La kula, Mwalimu?"

"La kubandikia! Kwani wewe hujawahi kubandika daftari kwa ugali?"

Kadeghe akatimua mbio. Pata, pata, pata! Akarudi na tonge la moto, analirusha mkono huu, mkono ule. Mwalimu Mkuu akapaka ugali kidogo. Akabandika. Akapuliza. Fuuu. Darasa la pili lote likapuliza. Fuuuuu!

Ukurasa ukashika. Ulibaki na kovu, lakini ukashika.

"Endelea," alisema Mwalimu Mkuu. "Nami nataka kujua."

Nakiete akafungua ukurasa wa mwisho. Huo aliusoma kimoyomoyo. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Macho yakawa makubwa. Kisha akacheka. Kwi, kwi, kwi!

"Amelipata?" aliuliza Kadeghe. "Amelipata yai?"

Nakiete akanyanyua kitabu juu. 

"Wageni wetu! Napendekeza kitabu hiki! Kuku anafuata yai lake. Kama amelipata au hajalipata, sisemi ng'o! Kisomeni!"

Sauti ilifika bonde la pili. Huenda ilifika la tatu.

"Aaa! Tuambie!" walilia watoto. Wakakimbilia kabati, wote kwa pamoja.

"Mikono! Mikono!" alisema Mwalimu Mkuu.

Wote wakasimama. Mikono ikaganda hewani.

Mwalimu Mkuu akavuta ndoo ya maji. Akaiweka kando ya kabati.

"Naweni, mshike!"

Foleni ikapangwa kwenye ndoo. Ndefu! Ilitoka nje, ikazunguka shule. Mama mwenye kilemba cha njano naye akaja kunawa.

"Mama, panga foleni," alimwambia Kadeghe. "Mimi nilitangulia."

Mama akapanga foleni nyuma ya Kadeghe.

Kabla ya kuondoka alimwambia Mwalimu Mkuu, "Hivi vikichakaa kwa kusomwa, mtuite. Tutaleta vingine."

Jioni Nakiete alirudi nyumbani na kitabu. Alikuwa amekifunika kwa karatasi ya kaki, kama daftari.

Mrindoko alikuwa tayari kitandani, chini ya blanketi. Akaona picha.

"Dada, kuku huyu anakwenda wapi?"

Nakiete akatabasamu. Swali lile lile! Safari hii alikuwepo wa kulijibu.

"Umenawa mikono?"

"Nimenawa. Nusa."

"Basi sogea."

Akamsomea kuanzia mwanzo. Biringi, biringi, biringi. Kri-kri-kri. Wakapita ukurasa wenye kovu la ugali. Wakafika chini ya mlima.

Yai lilikuwa limesimama kwenye nyasi. Kro! Likapasuka. Kifaranga akatoa kichwa.

"Mama," alisema kifaranga, "mbona umechelewa?"

Mrindoko akacheka. Kisha akapiga miayo. Kisha akalala, kidole chake juu ya kuku.

Kule shuleni, kabati lilikuwa tupu. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari. Haukulia kli. Haukuwa na la kufunga.

Na wewe unayesikiliza, nakuomba jambo moja tu. Kesho mpendekezee mwenzako kitabu kimoja. Ila, tafadhali, kisome kwanza.