Hema la Kifahari Lenye Mwenyewe Chini

Mkono uliingia chini ya turubai ukanishika kisigino...

Ilikuwa alasiri. Nimejilaza kwenye kitanda kipana, mito minne, shuka linanukia. Nikadhani mkwe wangu ananitania. Kumbe yeye yuko bafuni anaimba.

Mkono wa baridi. Ukavuta.

Sauti ya kike ikasema polepole: "Toka juu ya mume wangu."

Jamani, kwa umri wangu huu, maneno hayo sikuyategemea tena.

Mkwe wangu huyo, mke wa mwanangu, alikuwa ameacha kazi hotelini. Kiinua mgongo chake chote anataka kukitia kwa ubia kwenye mahema ya kifahari, nyuma ya kanisa kuu la kale, mji usiokauka watalii. Tulishazunguka sana. Kwingine popo, kwingine choo ng'ambo ya mto. Hapa ndipo pazuri, kesho anasaini. Mimi nilikuja kuonja kitanda.

Nikatoka na kiatu mkononi. Nyuma ya hema nikamkuta bibi wa rika langu, mfagiaji wa kanisa, amepiga magoti anang'oa vigingi.

Akanieleza bila haraka. Mafundi wa mahema walitafuta mahali ambapo kigingi kinaingia bila jasho. Wakapapata, udongo laini, mistari imenyooka. Hawakujiuliza nani aliuchimba kabla yao. Mawe ya makaburi yakawa njia ya kwendea bafuni.

Na mimi asubuhi nimesugulia visigino pale!

Mkwe wangu akatoka na taulo kichwani, akasikia yote, akamwita mwenye mahema. Bwana yule akacheka, eti wazee tunaota mchana. Ili kutuonyesha, akajitupa kitandani kwangu na viatu vyake, akafunga zipu.

Sisi watatu tukabaki nje na chai. Ukungu ukashuka kutoka mnara wa kanisa. Nikamkonyeza bibi, nikamnong'oneza amshike kisigino kama alivyonishika mimi.

"Subiri, chai bado ya moto."

Hakuwahi kunyanyuka.

Zipu ikafunguka. Mwenye mahema akatoka pekupeku, uso umempauka. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Kuna mzee humo... Ameniomba nisogee. Anasema namkandamiza miguu."

Nikatazama mikono ya bibi. Yote miwili imeshika kikombe.

Akakiweka chini.

"Miguu ilikuwa inamsumbua kweli," akasema.

Akaingia, akafunga zipu. Tukamsikia akiongea kama mke aliyechelewa kurudi nyumbani. Kisha akanyamaza, kama anayejibiwa...

Hatukungoja. Mkwe wangu alikimbia na taulo lake kichwani, kiinua mgongo kikasalimika.

Ninyi mnaotafuta mahema mazuri, mnauliza intaneti, mnauliza maji ya moto. Ulizeni kwanza nani amelala hapo. Mkijibiwa na mwenye mahema, sawa. Mkijibiwa kutoka chini, sogeeni tu, msibishane.