Kamera ya Wasumbufu

Jani jekundu lilikuwa likielea kwenye beseni la dawa ya kuoshea picha, ndani ya chumba cha giza ambacho ufunguo wake alikuwa nao Nasoro peke yake. Lilikuwa bichi, kana kwamba limechumwa saa ile ile.

Alilijua. Jumamosi alikuwa amepanda mlima Kahuzi, apumzike na kazi yake ya kupiga picha za vitambulisho vya raia wa Zaïre, kila mmoja amekaza shingo kama anapelekwa jela. Kule juu kiangazi kilikuwa kimegeuza majani ya mteremko mzima: mekundu, ya manjano, mengine rangi ya shaba. Nasoro alifurahi mpaka akacheka peke yake. Alipiga picha, akapiga, akapiga tena.

Ndipo mwanamke aliyevaa kitenge, ameketi juu ya jiwe, akamwita. "Papa, unipige na mie."

Filamu ya rangi haikupatikana Bukavu hivi hivi, na Nasoro hakuwa mtu wa kuipoteza kwa wapita njia. Kwa ajili yao alibeba kamera ya pili, kuukuu, tupu ndani, aliyoiita kamera ya wasumbufu. Akamlenga, akabonyeza. Mwanamke akatabasamu.

"Nitakuya kuikamata kwako," alisema, kana kwamba kulikuwa na picha ya kuja kuchukua.

Na kweli akaja. Jumatatu, siku ile ile aliyolikuta jani, alasiri, Nyota, bintiye wa miaka saba, alimkimbilia. "Papa, kuko maman moja ku mulango. Anauliza photo yake."

Mlangoni hapakuwa na mtu. Palikuwa na baridi ya mlimani na harufu ya majani yaliyooza. Jumanne ikawa vivyo hivyo. Kuanzia Jumatano picha za wateja ukutani zilianza kupoteza nyuso, moja baada ya nyingine kutoka upande wa mlango, kola zipo, nywele zipo, katikati peupe, na kufika Ijumaa weupe ule ulikuwa umebakiza picha moja tu, ya Nyota, na mtoto mwenyewe alikuwa amelala mkekani, midomo ya baridi, akinuka msitu ambao hajawahi kuukanyaga.

Mama wa mtoto, Asumini, alimwita Mwalimu Ramazani wa madrasa. Mwalimu alisoma Kurani, akafukiza ubani, moshi ukakataa kupanda.

"Ule maman wa ku mulango, ulimufanyia nini?" Mwalimu alimnong'oneza Nasoro.

Nasoro alieleza yote, macho chini.

"Njia ya muongo ni fupi. Rudia kule, umupige kweli, kisha umuachie ile filme palepale ku jiwe. Usilete sura yake mu nyumba."

"Filme yote, Mwalimu?"

"Yote."

Asumini alimshika mkono. "Baba Nyota, mutoto wetu ni mumoja. Usiongeze akili yako."

Kesho yake Nasoro alipanda tena mlimani, na mwanamke alikuwa pale pale jiweni. "Leo iko na kitu ndani?"

"Iko, maman."

Alimpiga picha. Ikabaki kuitoa filamu. Lakini ndani yake mlikuwa na majani aliyoyapiga njiani asubuhi ile, mazuri kuliko ya mara ya kwanza, na roho ikamuuma. Akaweka jiweni filamu nyingine, mpya, isiyo na kitu, akashuka bila kugeuka.

Nyumbani alimkuta Nyota amekaa, anakula bugali kwa samaki, anacheka. Nasoro alimshukuru Mungu kwa sauti, akajifungia kwenye chumba chake cha giza.

Alipomaliza kuosha picha, aliwasha taa. Majani yalikuwa yametoka, mekundu kama alivyoyaona. Jiwe lilikuwepo, na kitenge cha yule mwanamke kilikuwepo, na juu ya kitenge, mahali pa uso wa mtu mzima, ulikuwa uso wa Nyota, macho yamemtoka pima, mdomo wazi, kama mtoto anayemwita baba yake kutoka mbali sana na hasikiwi.

Mlango ukagongwa, taratibu.

"Papa," ilisema sauti ya Nyota, "fungua. Nimekuya kukamata photo yangu."