Zawadi za Mzazi Saado

Mwaka ule wa vita tulifungiwa kijijini, kando ya mji wa Garissa. Lango lilikuwa na askari. Ngamia wetu walikuwa wamekwisha. Asubuhi tulikunywa chai ya rangi, mchana tukala wali mweupe, jioni chai tena. Katika hali hiyo binti yangu Saado akajifungua mtoto wa kiume, Jama.

Saado akakaa ndani siku arobaini, kama ilivyo desturi yetu. Zamani wageni wangemletea samli na nyama. Safari hii walileta dawa. Huyu tembe nyekundu za damu, yule dawa ya nguvu ya chupa. Dada yangu Hawo alileta tembe za kahawia alizotumiwa kutoka mji wa Bute. Na kwetu mzazi hakatai zawadi. Anaionja mgeni akiwa bado ameketi.

Saado alionja zote, akizimeza kwa chai. Tulidhani nguvu zitajumlishwa. Lakini miguu yake, iliyoanza kufa ganzi tangu ajifungue, ilizidi. Alisema ni kama anakanyaga pamba. Siku moja tumbo likamkata, akatapika. Alipoinuka na mtoto akayumba. Nilimdaka Jama karibu kabisa na meko.

Niliomba ruhusa langoni, nikamleta Mwikali, muuguzi wa zahanati. Alimwaga vidonge vyote kwenye sinia, akasoma maandishi ya chupa.

"Mama Saado," akasema, "tembe nyekundu, tembe za kahawia na chupa hii, ndani ni kitu kimoja. Ni madini ya chuma. Amekula chuma mara tatu."

"Basi tumemlisha sufuria," Hawo akasema. Hata Saado akacheka, ameshika tumbo.

Nikauliza dawa ya miguu ni ipi.

"Haimo hapa. Mishipa ya fahamu inataka vitamini B, na wali mweupe na chai havina ya kutosha."

Saado aliangaliwa zahanati mpaka tumbo likatulia. Mwikali akampa vidonge vidogo vya vitamini, na kunde za kupika. Chuma akakisimamisha. Alisema akikirudisha kitakuwa cha aina moja tu, kwa maji, mbali na chai. Na dawa yoyote mpya aonyeshwe kwanza. Zile nyingine akaondoka nazo. Mtoto akizila kama peremende, alisema, anaweza kufa. Hawo hakutania tena.

Siku ya arobaini Saado alitoka nje, Jama mgongoni. Hatua chache tu, akasimama, akainua mguu.

"Hooyo, mama yangu, nimechomwa na mwiba."

Wiki zilizopita mwiba ungeingia mpaka mfupa asijue. Nilipiga magoti mchangani, nikamshika kidole kile chenye damu. Kidonge kidogo kuliko punje ya mtama, na mguu wa mwanangu umerudi. Subhanallah.

Ndiyo maana nawaandikia, akina mama. Mgeni akileta dawa, mshukuruni, mpeni chai. Dawa yenyewe ikamngoje muuguzi.