Mguu wa Mama Mkwe

Breki zilishika, barabara ndiyo iliyokataa. Pikapu iliteleza kwenye tope, ikalala ubavu, ikateremka bonde la msitu ikivunja miti njia nzima, mpaka ilipogonga gogo kando ya kijito na kusimama tena kwa magurudumu yake. Kukawa kimya. Halafu mama mkwe akasema, kwa sauti ya mtu anayelalamikia mboga isiyo na chumvi, "Mkwe, mguu wangu umeangalia pembeni."

Mkwe huyo, aliyekuwa kwenye usukani, mtaani walimwita Dokta Kidonge, ingawa udaktari wake wote uliishia kwenye kaunta ya duka la dawa. Katika miaka kumi na miwili ya ndoa hakuwahi kumgusa mama mkwe zaidi ya kumpa mkono, tena uso chini. Sasa ilimbidi apasue sketi yake mpaka gotini, ashike kisigino na kuunyoosha muundi uliovimba kama mkate uliozidi hamira.

"Nifumbe macho mimi au ufumbe wewe?" mama mkwe akauliza.

"Tufumbe wote, mama."

Akavuta. Mama mkwe aling'ata mkanda wa kiti. Dokta Kidonge akaubana mguu kati ya mbao mbili za kreti, akaufunga kwa mtandio. Ngozi haikuchanika, na vidole vilikuwa vya moto, vinacheza. Afadhali.

Simu hazikushika mtandao. Barabara ilikuwa juu kabisa, mwisho wa mteremko mtelezi kama sabuni. Walikinga maji ya mvua ya kunywa kwa kifuniko cha gurudumu, wakala biskuti. Kwenye begi kulikuwa na pakiti moja ndogo ya parasetamoli na boksi zima la diklofenaki, dawa kali ya maumivu, alilokuwa akimpelekea mteja. Parasetamoli akampa mama mkwe. Boksi akalisukuma chini ya kiti.

Siku ya pili parasetamoli iliisha.

"Boksi nimeliona," mama mkwe alisema, jasho likimtiririka.

"Hizo si zako, mama."

"Za nani basi? Za gari?"

Hapo ndipo aliposikia. Nje, kwenye majani mabichi, hatua moja, kisha mburuzo. Hatua, mburuzo. Mwendo ule aliujua.

Ulikuwa wa shemeji yake, kitinda mimba wa mama huyu, mpakia magunia. Alivunjika muundi, akaing'oa plasta kabla ya wakati, akaja kunong'ona kwenye dirisha la duka: nipe kitu nirudi kazini. Dokta Kidonge akampa diklofenaki. Wiki nne, wiki nane, miezi mitano. Maumivu yakalala, shemeji akabeba magunia, mfupa haukuunga. Wenye elimu yao wanabishana kama dawa hiyo huzuia mfupa kuunga, wengine wanasema siku chache hazidhuru. Lakini miezi mitano, juu ya mfupa unaobebeshwa mizigo? Asubuhi moja mguu ulimkatikia juu ya lori, akaanguka kwa kichwa. Msibani Dokta Kidonge alipanga viti, akavipangua, akavipanga tena, ili mtu asipate nafasi ya kumuuliza chochote.

Siku ya tatu kijito kilifurika. Maji yaliingia mlangoni, yakagusa viti. Alijaribu kumwinua mama mkwe. Mama alipiga ukelele uliowarusha ndege mitini. Akamrudisha.

"Unamsikia na wewe?" mama mkwe akauliza akihema. "Tangu jana anazunguka gari."

Dokta Kidonge akageukia dirisha. "Mama, vidonge vyake... nilimpa mimi."

"Unadhani sijui? Maji ya kumezea nani alikuwa anampelekea?" Alitazama kijito. "Nikiwatambia majirani, mwanangu ni chuma. Kila asubuhi namkabidhi kikombe. Nilijua, nikafurahi."

Maji yakapanda kidole kingine.

"Mfupa wake tuliudanganya miezi mitano," akasema. "Wangu tuudanganye saa moja, tutoke. Nipe. Baada ya hapo usinipe tena, hata nikikuita baba."

Alimnywesha maji mengi kwanza, akamlisha biskuti mbili za mwisho, akaweka vidonge viwili kwenye kiganja chake. Wakangoja maumivu yapungue, maji yakiwapanda magotini.

Kisha akambeba mgongoni, mguu wenye mbao ukining'inia kiunoni mwake. Alipanda kwa viwiko na kucha, mzizi kwa mzizi.

"Ukinidondosha nitakusema mtaa mzima," mama mkwe alimnong'oneza sikioni, meno yakigongana.

"Mtaa mzima ushanisema, mama."

Nyuma yao hatua na mburuzo vilipanda pia. Hawakugeuka.

Juu, wafanyakazi wa barabara walikuwa wakiondoa udongo kwa tingatinga. Mmoja akatupa koleo, akakimbia. "Mko wangapi?"

Dokta Kidonge akaanza kuhesabu: "Mmoja, wawili, wata..."

"Wawili," mama mkwe akasema, taratibu, kama anayemfungia mtu mlango bila kutaka kumuumiza. "Tumebaki wawili."

Kesho yake, wodini, mguu ukiwa kwenye plasta mpya, mkewe Dokta Kidonge aliingia mbio, akamkumbatia mama yake, kisha akamshika mumewe mikono na kumshukuru mpaka machozi yakamtoka. Mumewe alitazama sakafu.

Mama mkwe alisogea kidogo, akapiga godoro kwa kiganja.

"Kaa hapa, mwanangu. Mumeo ana neno juu ya marehemu mdogo wako. Akimaliza, na mimi nina langu."